Siku Tatu Zilizokuwa Kwenye Banda la Kuku

Wiki iliyopita, hapa nyumbani kwangu Chanika, mjukuu wangu Salma wa darasa la sita alibwaga daftari lake mkekani kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Bibi, hizi hesabu za mafumbo zimetungwa na watu wasio na kazi. Sikiliza hii: 'Chakula cha wanafunzi sitini kinatosha siku kumi. Wakija wengine arobaini, kitatosha siku ngapi?' Nani duniani ameshawahi kujiuliza jambo kama hilo?"

Nilicheka mpaka jirani akachungulia uani kuuliza kama tumepata harusi.

"Mimi," nikamjibu Salma. "Mimi bibi yako nimejiuliza jambo hilohilo, nikiwa na mwiko mkononi, mvua ikinyesha, na watoto mia mbili wakiwa juu ya malori wanasubiri jibu langu. Wala sikuwa na kifutio."

Akadhani natania. Basi haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wote mnaoliona fumbo la hesabu mnafunga kitabu. Msifunge. Kaeni kitako.

Nilipika miaka thelathini na moja katika shule moja ya bweni ya wasichana kule Korogwe. Niliingia kama mtu wa kuosha masufuria, nikatoka nikiwa mpishi mkuu. Masufuria yetu yalikuwa na kina ambacho ukidondosha mwiko asubuhi, mlio wa kugonga chini unausikia mchana. Mwiko wenyewe ulikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Salma anasema bibi anatia chumvi. Mpishi asiyetia chumvi ni mpishi gani?

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Mhina, Msambaa mfupi kutoka milimani, mkimya, mwenye kofia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Siku moja homa ilimlaza, nami nikaachiwa wali wa Jumapili. Nilikuwa na miezi minne tu jikoni, lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba. Nilijua kwamba ndoo moja ya mchele huwekewa ndoo mbili za maji. Leo nina ndoo nane za mchele. Nikazidisha kama mtu mwenye akili zake: ndoo kumi na sita za maji, zote ndani ya sufuria moja kubwa.

Vijana, ule haukuwa wali. Ule ulikuwa ziwa. Wasichana walikula kwa vikombe. Mmoja aliniuliza kama kuna mrija.

Mzee Mhina alipopata nafuu alinikuta nimejikunyata pembeni ya meko.

"Zaina, nani alikuambia maji yanafuata ndoo?"

"Mchele umeongezeka mara nane, Mzee, nami nikaongeza maji mara nane."

"Maji ya wali yananywewa na wangapi?"

"Na mchele."

"Na mwingine?"

Akanionyesha mvuke unaopanda kwenye sufuria ya chai. "Huyu naye ananywa. Mchele umeongezeka mara nane. Haya, mdomo wa sufuria umeongezeka mara nane?"

Niliangalia. Haukuwa umeongezeka hata mara tatu.

"Kabla hujazidisha kitu," akasema, "uliza kwanza: kipi kinafuata kipi? Yai moja linaiva kwa dakika kumi. Mayai mia utayachemsha kutwa nzima?"

Shikeni neno hilo, kipi kinafuata kipi, maana hesabu yote ya uwiano imekaa humo. Kuna vitu vikienda pamoja vinapanda pamoja: watu na unga. Kuna vitu kimoja kikipanda mwenzake anashuka: watu na siku. Na kuna vitu, kama chumvi, kuni na maji, vinajifanya vinamfuata mwenzao lakini njiani vinachepuka. Kutambua hayo ndiyo kazi. Kuzidisha na kugawanya hata simu inaweza.

Baada ya ule wali wa ziwa, Mzee Mhina alinipeleka mwenyewe kwenye kisomo cha jioni cha watu wazima, katika shule ya msingi pale Masuguru. Sikuwa na elimu ya kujivunia. Kwetu Kang'ata niliacha shule darasa la tatu, mwaka wa njaa, nikapewa kazi ya kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na ngedere. Nilipoanza kisomo nilikuwa na miaka thelathini na watoto wawili. Nilikalia dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakafika masikioni. Pembeni yangu waliketi wanaume wa mashamba ya mkonge, mikono imechanika kwa miiba, wanashika penseli kama wameshika nyoka.

Mwalimu wetu, Mwalimu Mbelwa, alipenda mafumbo kuliko chakula. Jioni moja aliandika ubaoni: chakula cha watu ishirini kinatosha siku sita, wakiongezeka watu kumi, kitatosha siku ngapi? Nilinyoosha mkono kabla chaki haijatua.

"Siku tisa, Mwalimu!"

Mwalimu akavua miwani.

"Zaina, kwenu Kang'ata wageni wakija chakula kinaongezeka?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mgeni hafiki mikono mitupu. Atakuja na jogoo, au muhogo, au debe la mahindi. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Wale wanaume wa mkonge walicheka hadi dawati moja likavunjika mguu. Mimi sikuwa natania hata kidogo. Kwetu ndivyo tulivyoishi. Mwalimu Mbelwa alinichorea kosa kubwa jekundu, urefu wa kidole, na pembeni akaandika: siku nne. Kisha akasema, "Wageni wa kwenye fumbo, Zaina, huja na midomo tu. Wahesabu hivyo kwanza."

Lile kosa liliniuma. Nilirudi jioni iliyofuata, na iliyofuata, mvua au jua. Miaka mitatu, na cheti cha darasa la saba nikakipata. Daftari lile ninalo mpaka leo, na kosa lake ndani.

Nisiwachoshe na shule. Turudi jikoni.

Mtunza stoo wetu aliitwa Komba, babu yake aliletwa kutoka Songea kukata mkonge akasahau njia ya kurudi. Tulitaniana kila siku iliyopita. Komba alikuwa na vitu viwili anavyovipenda: funguo za stoo na kuku wa mradi wa shule. Kuku wale walikuwa wanene kiasi kwamba jogoo akitaka kuwika, kwanza anapumzika.

Kabla ya habari kubwa niwape ndogo, ya nyama. Shule yetu ilikalisha wasichana kumi kila meza. Jumamosi moja Komba aliniletea nyama imekatwa vipande kumi na vitano kwa kila meza.

"Hesabu safi," akasema. "Kipande kimoja na nusu kila mtoto."

"Na hicho cha nusu atakikata nani, Komba? Kwa meno?"

"Watajuana."

Walijuana kweli. Bwalo liligeuka uwanja wa ndondi. Kiranja wa chakula alinijia amefunikwa na mchuzi, analia: "Mama Zaina, nusu ni vita!" Wiki iliyofuata, nyama ileile, mizani ileile, niliikata vidogo zaidi, vipande ishirini kwa meza. Viwili viwili. Kimya kama msikitini. Nyama haikuongezeka hata chembe. Nilichobadilisha ni kile ninachokihesabu. Namba ikigoma kugawanyika, msiipige ngumi. Tazameni kama mnaweza kukata upya kitu chenyewe.

Sasa kaeni vizuri.

Ilikuwa mwezi wa mitihani, na mvua za vuli zilikuja kama zimetumwa kutudai. Mzee Mhina alikwisha kustaafu, mimi ndiye mpishi mkuu. Kidato cha kwanza na cha tatu walikuwa wamerudishwa makwao kupisha mitihani, tukabaki na wasichana mia nne, wa kidato cha pili na cha nne. Asubuhi moja Mkuu wa shule alituita, mimi na Komba, ofisini kwake. Hakutuambia tuketi.

"Shule ya wenzetu bondeni imeingiliwa na maji mpaka usawa wa vitanda," akasema. "Wana wasichana mia mbili wenye mitihani. Wako kwenye malori, barabarani. Wilaya inaniuliza kama naweza kuwalisha mpaka mtihani wa mwisho. Nikisema hapana, watatawanywa shule nne tofauti, na kwa barabara hizi kuna watakaokosa karatasi ya kesho kutwa. Nataka jibu kabla ya adhuhuri. Jibu la kweli, siyo la huruma. Siwezi kuwapokea halafu niwafukuze katikati."

"Zimebaki siku ngapi mpaka mtihani wa mwisho?" nikauliza.

"Kumi na tano."

"Na lori la mahindi la kutoka Handeni?"

"Kalavati limesombwa. Lori limeegeshwa ng'ambo. Usilihesabu."

Tukaenda stoo. Komba akahesabu magunia kwa kidole: arobaini. Nikamwambia tupime.

"Gunia ni gunia, Mama Zaina."

"Haya ni lumbesa, Komba. Yameshonwa vichwa juu ya vichwa. Leta mizani."

Tulipima moja moja, jasho likitutoka. Arobaini ya kidole yakawa kilo elfu nne na mia tano. Komba akajikuna shavu.

Kisha tukapiga hesabu juu ya gunia. Kila msichana anakula nusu kilo ya unga kwa siku, uji na ugali pamoja. Mia nne wanakula kilo mia mbili za sembe. Lakini mashine ikikoboa mahindi kilo mia, sembe inayotoka ni kilo themanini. Iliyobaki ni pumba. Kwa hiyo ili kupata kilo mia mbili za sembe tunatumia mahindi kilo mia mbili na hamsini kwa siku. Wenyeji peke yao wangefika siku kumi na nane, bila wasiwasi. Wakija mia mbili, tunakuwa mia sita, na mahindi yanakuwa kilo mia tatu sabini na tano kwa siku.

"Siku kumi na mbili," akasema Komba, akatupa penseli. "Kumi na mbili na kumi na tano haziongei. Jibu ni hapana. Twende tukamwambie."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Umepata jibu lingine?"

Sikuwa nalo. Hesabu yake ilikuwa sahihi, niliipiga mara tatu. Sokoni mahindi yaliyobaki yalikuwa ya madebe mawili matatu, siyo ya kulisha jeshi. Kupunguza kipimo sikutaka. Mtoto anayefanya mtihani na njaa huandika jina la ugali mahali pa jina lake. Lakini pia sikutaka kwenda kusema hapana. Nilikaa juu ya lile gunia nikajiapiza kwamba siondoki mpaka saa sita igonge, na kama ni kushindwa, nishindwe nikiwa nimekaa.

Nikajiuliza maneno ya Mzee Mhina. Kipi kinafuata kipi? Siku zinafuata watu, zinashuka. Watu siwezi kuwapunguza. Unga unafuata watu, unapanda. Nao siwezi kuuongeza. Mahindi yanafuata unga. Yanaufuata... moja kwa moja?

Mlangoni mwa stoo kuku mmoja wa Komba alipita, akitembea kama tajiri. Akadonoa pumba zilizomwagika, akaniangalia, akadonoa tena.

Nikasimama.

"Komba, pumba zetu zinakwenda wapi?"

"Si bandani. Unajua."

"Kila kilo mia, ishirini zinaingia bandani. Moja ya tano. Siku kumi na mbili tutasaga kilo elfu nne na mia tano. Moja ya tano yake ni ngapi?"

Akaokota penseli taratibu. "Mia tisa."

"Na watoto mia sita wanahitaji unga kilo ngapi kwa siku?"

"Mia tatu."

"Mia tisa gawanya kwa mia tatu."

Komba aliangalia karatasi, akamwangalia kuku wake, akaniangalia mimi kama vile nimemtukana mama yake.

"Siku zetu tatu ziko kwenye banda la kuku," nikasema. "Hatukoboi tena. Tunasaga dona, mahindi mazima na pumba zake."

"Na kuku wangu watakula nini?"

"Mvua hii, Komba! Kumbikumbi wanatoka ardhini kama moshi. Kuku wako wataomba mchicha."

Mkuu alinisikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Una hakika, Mama Zaina?"

"Kama saba mara nane, Mkuu."

"Saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita."

Akainua simu. Ilikuwa saa tano na nusu.

Kama mimi ndiye ningekuwa mtunga mafumbo, ningeishia hapo, nichore mstari, niandike jibu: siku kumi na tano. Lakini chakula hakiliwi kwenye karatasi.

Mchana wa kwanza tulipotoa ugali wa dona, bwalo lilinuna. Wasichana wetu walizoea ugali mweupe kama sanda. Hii dona ilikuwa ya kijivu, tena ngumu.

"Mama Zaina, tumefanya kosa gani?" mmoja akapaza sauti.

"Kwani tuko kifungoni?"

"Kuku leo wanakula nini, sembe?"

Nilisimama mlangoni nikitabasamu kwa meno, moyoni nalia. Walipotoka, nilipita meza kwa meza na ndoo. Meza ishirini za wageni hazikubakisha kitu. Meza arobaini za wenyeji zilibakisha ugali ambao ungeshibisha meza kumi na mbili. Kumi na mbili katika sitini. Fanyeni hesabu nyinyi wenyewe. Moja ya tano! Nilichowanyang'anya kuku asubuhi kilikuwa kinarudi kwa kuku jioni, tena kimepikwa.

Komba alinisaidia kubeba ndoo kwa upole. Laiti angenicheka. Upole wake uliniuma zaidi.

Hapo ndipo aliponijia msichana mmoja mrefu, kiranja wa wageni, sare yake bado ina alama ya tope kifuani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujashiba?"

"Nimeshiba, Mama, tunashukuru. Ila naomba kusema neno, usinichukie."

"Sema."

"Ugali haujaiva."

Jiko zima lilisimama. Wapishi wenzangu wakaangalia chini. Mimi, Zaina, niliyesonga ugali ambao ukiupanga ungefika Tanga mjini na kurudi, naambiwa na mtoto wa shule kwamba ugali haujaiva!

"Nani kakufundisha kupika?"

"Bibi yangu, Mama. Kang'ata."

Kang'ata! Nikaketi kwenye kigoda. Kwetu. Mama yangu alisonga dona maisha yake yote, nami nilikula hiyohiyo mpaka nikaota meno. Miaka ishirini na tano ya sembe ya shule ilikuwa imenifuta kichwani.

"Bibi anasemaje?"

"Anasema dona ina kiu. Ukiipa maji ya sembe inakuwa ngumu na inabaki mbichi ndani. Kwanza unapika uji mwepesi, unauacha uchemke mpaka harufu ibadilike. Halafu ndiyo unasonga, na hufunui haraka."

Dona ina kiu. Wali wa ziwa uleule, safari hii umegeuzwa. Zamani nilizidisha maji pasipotakiwa. Leo nimeyaacha palepale wakati unga wenyewe umebadilika. Aliyenifundisha kuuliza kipi kinafuata kipi angenivua aproni.

Msichana yule aliitwa Mwajuma. Nilimwombea ruhusa kwa Mkuu, nusu saa tu kabla ya masomo ya jioni, na tukapika pamoja sufuria ndogo ya majaribio. Tulipima kwa kopo, siyo kwa jicho. Kwa kila makopo mawili ya unga, sembe ilikuwa ikitaka makopo manne ya maji. Dona ikakubali matano. Ugali ukatoka laini, unanukia mahindi ya kuchoma. Nikaonja. Nikamuona mama yangu.

"Bado wenyeji hawataula," nikamwambia. "Wameshaunyooshea kidole."

Mwajuma akafikiri. "Mama, sisi mmetukalisha peke yetu. Tuchanganye. Mtu akikaa na mwenzake anayekula kwa furaha, naye atamega."

Nilikimbia kuchukua penseli. Wageni mia mbili, wenyeji mia nne: mgeni mmoja kwa wenyeji wawili. Meza za kumi zinakataa, mtabaki mnakata mtoto vipande. Tukajaribu meza za kumi na mbili: wageni wanne, wenyeji wanane. Mia mbili kwa nne, meza hamsini. Mia nne kwa nane, meza hamsini. Zikakutana kama bawaba na mlango! Wakakaa wakibanana kidogo, na kubanana nako kunaleta urafiki.

Mchana wa pili nilijificha nyuma ya dirisha la kutolea chakula. Nikawasikia.

"Wewe unakulaje hii kitu?" mwenyeji mmoja akauliza.

"Kwa mkono," mgeni akajibu. "Kama huli sogeza huku, kesho nina Baiolojia."

"Aa, subiri kwanza, nionje."

Alionja. Akamega tena. Sikuona zaidi, maana macho yalikuwa yameingia moshi. Ndiyo, moshi. Nilipopita na ndoo, meza hamsini zilibakisha ugali usiotosha kulisha kuku mmoja, tena kifaranga.

Na hapa sikilizeni. Kwa kuwa dona ile ilikunywa maji zaidi, ugali uliongezeka sufuriani. Nilipunguza unga kidogo kila siku, na sahani zikabaki zilezile. Kile kidogo ndicho kilichofidia vumbi la unga linalopeperuka mashineni, lile ambalo mimi na Komba hatukulihesabu kabisa tukiwa juu ya gunia, na ambalo lingetuangusha siku ya kumi na nne. Mtihani wa mwisho ulipokusanywa, mchana wa siku ya kumi na tano, watoto mia sita walikula wakashiba. Stoo ilibaki na debe moja la mahindi. Komba aliliangalia kama anaona mwezi umeandama. Akalibeba mwenyewe, akawapelekea kuku wake.

Miezi kadhaa baadaye nilimtembelea Mwalimu Mbelwa, mzee sana sasa, anaishi palepale Masuguru. Nilibeba lile daftari. Nikamfungulia ukurasa wenye kosa jekundu, nikamsimulia yote, kisha nikasema, "Mwalimu, wageni walikuja na chakula kikaongezeka. Nibadilishie hilo kosa."

Akavaa miwani. Akasoma. Akanirudishia daftari.

"Kosa linabaki kosa, Zaina. Watu ishirini, wakaja kumi, siku nne. Kama usingejua kwamba Komba alikuwa sahihi kwa zile kumi na mbili, ungejuaje kwamba zimepungua tatu za kwenda kuzitafuta?"

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Sikushinda. Leo nafurahi kwamba hakunibadilishia.

Kwa hiyo, Salma, na wenzio mliobwaga madaftari: wanafunzi sitini, siku kumi, wakija arobaini. Jibu la kitabu ni siku sita. Liandike hivyohivyo, kwa mwandiko mzuri, upate vema. Ukishaliandika, inuka ukatazame banda la kuku.